Madeni ya Kulipwa Kabla ya Siku ya Hukumu

Kigezi ni nchi ya vilima, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo. Katika miaka ya 1930 wenyeji wake waliona jambo ambalo hawakulizoea: wezi wakipiga hodi mchana kweupe. Mtu aliyeiba zamani alikwenda kwa mwenye mali, akakiri, akarudisha. Aliyekopa alilipa deni ambalo pengine mwenye kudai alikwisha kulisahau. Waliokuwa hawasalimiani waliombana radhi mbele ya majirani. Hawakushurutishwa na chifu, wala hakuna askari aliyewafuata nyumbani. Kwa Kiganda waliitwa Balokole (kwa Kiswahili, Walokole), yaani waliookoka, na walifanya hivyo kwa kuwa waliamini kwamba ipo siku kila mtu atasimama mbele ya Mungu kutoa hesabu yake.

Miaka zaidi ya sitini baadaye, katika eneo lilelile la Kigezi, watu wengine walijiandaa kwa siku ileile kwa namna yao. Hao walikuwa wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, kikundi kilichokuwa na makao yake Kanungu. Waliambiwa kwamba dunia ingefika mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Wakauza mashamba, mifugo na nyumba, fedha wakazikabidhi kwa viongozi. Mwaka mpya ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, tarehe ikasogezwa mbele. Machi 17, 2000 moto uliwateketeza mamia yao ndani ya jengo lao la ibada. Katika majuma yaliyofuata miili mingine ilifukuliwa katika makazi mengine ya kikundi hicho, na idadi ya waliokufa ikapita 700.

Vilima ni vilevile, Biblia ni ileile, na Hakimu aliyengojwa ni yuleyule. Anayetaka kujua tofauti ilikuwa wapi na afuate fedha. Za Balokole zilikwenda kwa watu waliodhulumiwa. Za Kanungu zilikwenda kwa viongozi.

Siku isiyomo kwenye kalenda

Makanisa yanayokiri Imani ya Mitume, kuanzia Wakatoliki na Waanglikana hadi Walutheri na Wamoraviani, yote yanafundisha kwamba Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na waliokufa. Lakini katika Injili ya Mathayo, sura ya 24, Yesu anasema waziwazi kwamba siku hiyo haijulikani na mtu yeyote, hata malaika hawaijui. Ni mojawapo ya maneno mepesi kuyaelewa katika Biblia nzima, na mojawapo ya yale yaliyopuuzwa mara nyingi zaidi.

Huko Marekani, mkulima mmoja aitwaye William Miller alipiga hesabu kwa kutumia kitabu cha Danieli. Wafuasi wake hatimaye waliishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo waliokataa kuvuna viazi vyao msimu huo. Wavune kwa ajili ya nani? Asubuhi ya tarehe 23 viazi vilikuwa bado ardhini, na baridi ilikuwa inakuja. Tukio hilo linaitwa hadi leo Masikitiko Makuu.

Na hata Miller hakuwa wa kwanza. Katika karne ya kwanza, Wakristo wa Thesaloniki walichangamkia habari za kurudi kwa Bwana, na baadhi yao wakawa hawashiki kazi, kutwa wanazunguka na kujiingiza katika mambo ya watu. Mtume Paulo, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, aliwaandikia kwa ukali kwamba asiyetaka kufanya kazi asitegemee chakula cha wenzake. Kwake yeye, kungojea hukumu na kuamka mapema kwenda kazini vilikuwa kitu kimoja.

Karibu zaidi na wasomaji wengi ni Shakahola, msitu ulio katika kaunti ya Kilifi, Kenya. Kuanzia Aprili 2023 wapelelezi walifukua humo miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu upesi. Watoto walikuwamo. Mhubiri aliyedaiwa kuwaongoza alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mtu anayeichukulia hukumu kwa uzito ni kuwa mwangalifu na anayemhubiria habari zake. Zipo dalili zinazotosha kumfanya mtu achukue watoto wake na kuondoka: mhubiri anapotaja tarehe, anapowataka waumini wauze kiwanja au shamba na kuleta fedha kwake, anapokataza hospitali, dawa, shule au chakula, anapowatenga watu na wazazi, wake au waume zao, anapodai kwamba ufunuo wake haupimwi na mtu mwingine. Dalili moja inatosha kuuliza maswali. Zikiwa mbili au tatu, maswali yaulizwe pia kwenye kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu maisha ya watoto hayasubiri mjadala wa Maandiko uishe.

Neema haifuti daftari la dukani

Hapa Mkristo makini huwa na swali lake. Ikiwa wokovu ni zawadi ya Mungu, matendo yana kazi gani siku ya hukumu? Swali hilo ndilo lililowagawa Wakristo wa Ulaya katika karne ya 16, na damu ilimwagika kwa ajili yake.

Tarehe 31 Oktoba 1999, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walikutana Augsburg, Ujerumani, wakatia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu mafundisho ya kuhesabiwa haki. Walikubaliana kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, na si kwa sababu ya stahili yake mwenyewe. Na kwamba neema hiyohiyo humfanya upya na kumtuma kutenda mema. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na makanisa ya mapokeo ya Calvin mwaka 2017. Kule Kanungu, wakati wino wa Augsburg unakauka, watu walikuwa wamebakiwa na miezi miwili ya kuuza mali zao.

Kwa lugha ya nyumbani, mtoto halipi kodi ya chumba ili awe mtoto wa mama yake. Lakini mtoto anayeiba chenji ya jirani, kisha akarudi kula kana kwamba hakuna kilichotokea, bado hajaelewa amezaliwa katika nyumba ya namna gani. Msamaha unamrudisha mezani. Chenji bado ni ya jirani.

Mafundisho ya Kikatoliki yanalisema hilo bila kuzunguka. Anayeungama wizi kwa padre hupata ondoleo la dhambi, ila wajibu wa kurudisha alichoiba, au thamani yake, unabaki palepale. Walokole wa Kigezi, waliokuwa Waanglikana, walifika mahali hapohapo kwa njia nyingine.

Somo la mtoza ushuru

Mfano mkuu wa jambo hili umo katika Injili ya Luka, sura ya 19. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko na alikuwa tajiri. Yesu alipoingia nyumbani kwake, Zakayo alisimama akaahidi mambo mawili: nusu ya mali yake kuwapa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Ahadi hiyo ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu, ilimtaka mtu aliyekiri kosa mwenyewe arudishe mali yote na kuongeza sehemu moja ya tano. Malipo ya mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo, ambaye hakuna aliyemkamata, alijipangia adhabu ya aliyekamatwa.

Anayetaka kufuata njia hiyo aanze na karatasi. Wafanyabiashara wa Pwani wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na dhamiri nayo ni hivyohivyo: dhambi isiyoandikwa popote huhesabiwa kuwa haikutokea. Mtu akae peke yake saa moja, aandike majina. Fundi cherehani aandike vitambaa vya wateja alivyopunguza. Mhasibu aandike safari alizodai posho bila kusafiri. Mpangaji wa zamani aandike kodi ya miezi miwili aliyoikimbia usiku. Mweka hazina wa kikoba, au wa chama kama wasemavyo Kenya, aandike kile "alichokiazima" bila wenzake kujua. Mwenye duka akumbuke mizani yake, na mwenye mashine ya kusaga akumbuke pishi lake.

Baada ya majina, kiasi. Baada ya kiasi, mpango. Dawa ya deni ni kulipa, lakini wengi hawalipi kwa sababu hawawezi kulipa lote mara moja, na aibu huwafanya wazime simu. Kuzima simu ndiko kunakogeuza deni kuwa dhuluma. Ni heri mdaiwa ajitokeze, ataje kiasi, aombe muda, na aandike na mdai wake kiasi kitakacholipwa kila mwezi, hata kikiwa kidogo. Asichukue mkopo mwingine wa riba kali kulipia wa kwanza. Mikopo ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu haijapata jina hilo bure, na mtu anayetaka kusimama sawa mbele za Mungu hafiki huko kwa kuiacha familia yake bila godoro.

Kuna maswali magumu ya kiutendaji. Aliyedhulumiwa akiwa amefariki je? Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kililifikiria hilo: malipo yanakwenda kwa jamaa yake wa karibu, na jamaa asipokuwapo, yanawekwa mikononi mwa kuhani. Mkristo wa leo atafute mjane au watoto wa marehemu, na asipowapata ashauriane na mchungaji au paroko wake ili fedha hiyo iende kwa wahitaji. Isihesabiwe kuwa sadaka, kwa sababu si mali ya anayeitoa. Aliyedhulumiwa akiwa serikali au halmashauri, mamlaka za kodi hupokea malipo ya mtu anayejitokeza mwenyewe kurekebisha hesabu zake. Jambo likiwa na uzito wa jinai, kuonana na mwanasheria kabla ya kukiri si woga. Ni kujua njia kabla ya kuianza.

Walokole wenyewe walijifunza jambo moja kwa uchungu. Kuungama hadharani kulizaa uhuru kwa wengi, lakini kulizaa pia kashfa, kwa kuwa mtu anayetangaza uzinzi wake mbele ya mkutano huwa anatangaza na jina la mwenzake, hata asipolitamka. Kipimo kizuri ni kwamba toba ifike pale dhambi ilipofika. Aliyemkosea mtu mmoja azungumze na huyo mmoja. Aliyeiba fedha za usharika aukabili usharika.

Mshahara wa dada wa kazi

Yohana Mbatizaji alihubiri hukumu kwa ukali kuliko karibu mtu yeyote katika Agano Jipya: shoka limekwisha kuwekwa kwenye shina la mti. Watu waliogopa, wakamuuliza wafanye nini. Majibu yake, yaliyomo katika Luka sura ya 3, huwashangaza wanaotarajia maagizo ya kukimbilia jangwani. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimnyang'anye mtu kwa vitisho wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alirudishwa kazini kwake, akatende haki palepale alipozoea kudhulumu.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mahali hapo ni jikoni. Dada wa kazi huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mshahara wake ndio wa kwanza kucheleweshwa ada ya shule inapobana. Yakobo, katika waraka wake, sura ya 5, anaandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele na Mungu anausikia. Kumbukumbu la Torati linaagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na ameuweka moyo wake kwenye fedha hiyo.

Kwa hiyo familia inayosali kila jioni ina kazi ya kufanya kwenye meza hiyohiyo ya sala. Mshahara wa mfanyakazi utajwe kiasi na tarehe, uandikwe, na usiwe chini ya kima kilichowekwa na sheria ya nchi. Siku yake ya mapumziko ijulikane. Akiugua, atibiwe. Kama ana miezi anayodai, mwajiri amwombe radhi kwa jina lake na kumlipa, si kumpa kanga iliyovaliwa na kuiita zawadi. Mwenye kiwanda, mwenye shamba la chai na mwenye bodaboda tatu za mkataba wajiulize maswali hayohayo, ingawa meza zao ni kubwa zaidi.

Baiskeli ya mwalimu kijana

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 hukohuko Kigezi. Alipookoka, akiwa mwalimu kijana, aligundua kwamba kulikuwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimchukia: Mwingereza mmoja aliyeishi mbali na kwake. Alipanda baiskeli yake akasafiri masafa marefu kwenye njia za vilima, akamkuta, akamwambia kwamba alikuwa amemchukia na kwamba amekuja kumwomba msamaha. Kivengere baadaye alifundisha Dodoma, akawa mhubiri aliyejulikana katika mabara kadhaa, na mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi. Aliisimulia safari ile ya baiskeli katika maisha yake yote.

Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anasema kwamba mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, akapatane kwanza. Waorthodoksi wamelipa fundisho hilo nafasi katika kalenda: kabla ya Kwaresima Kuu huwa na Jumapili ya Msamaha, na baada ya sala padre na waumini huinamiana mmoja mmoja wakiombana radhi. Makanisa yasiyo na siku hiyo hayazuiwi kuiga. Familia yenye ugomvi wa kiwanja au wa mahari inaweza kuchagua Jumamosi kabla ya Jumatano ya Majivu, ikawaita wazee wawili wenye busara, ikakaa.

Kuomba radhi nako kuna ufundi wake. Kosa litajwe kwa jina, pasiwe na "kama nilikukosea". Sababu na visingizio viachwe nyumbani. Anayeomba asimlazimishe mwenzake kujibu siku hiyohiyo. Wengine huhitaji mwezi. Palipoharibika kitu, kilipwe. Simu inafaa kwa aliye mbali, lakini ujumbe mfupi wa maandishi haufai kwa jambo zito, kwa sababu ndani yake haisikiki sauti inapotetemeka.

Upande wa pili wa jambo hili unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu umetumiwa vibaya. Wanawake waliopigwa wameambiwa kanisani wasamehe, warudi. Watoto walionajisiwa wameambiwa wanyamaze ili jina la ukoo lisichafuke. Maisha ya Kivengere yanasema kitu kingine. Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji na dhuluma. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo chenye jina lililowashtua wengi, kwani jina hilo lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Ndani yake alieleza jinsi alivyosamehe. Ndani yake pia alieleza mauaji yaliyotokea. Alisamehe akiwa ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo mkono wa mwuaji haukumfikia, na wala hakunyamaza.

Aliyeumizwa na mtu hatari anaweza kufanya vivyo hivyo: akae mahali salama, atoe taarifa kwa polisi na hospitali, na safari ya kusamehe aianze kwa mwendo wake mwenyewe.

Waliosahau walichofanya

Simulizi mashuhuri kuliko yote kuhusu hukumu imo katika Mathayo sura ya 25, kondoo upande wa kuume na mbuzi upande wa kushoto. Mambo sita yanaulizwa: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Mapokeo ya Kikatoliki yaliongeza la saba, kuwazika wafu, kutoka katika kitabu cha Tobiti.

Hilo la saba Waafrika wa Mashariki wanaliweza hasa. Msiba ukitokea, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa ndani ya saa moja, mweka hazina huteuliwa, michango huingia kwa simu, turubai na viti hufika, basi la kusafirisha mwili hadi kijijini hupatikana. Ni ustadi mkubwa wa kijamii. Ila mara nyingi marehemu huyohuyo alilala wodini majuma matatu, na kikundi cha kumchangia dawa hakikufunguliwa. Jumuiya ndogondogo, usharika au kikundi cha akina mama kikitaka kuanza mahali, kianze hapo: nusu ya kasi ya msiba ihamishiwe kwenye ugonjwa. Mtu mmoja apewe kazi ya kujua nani kalazwa. Mwingine apange zamu za uji. Mwingine aangalie kama bima ya mgonjwa iko hai.

Mfungwa ndiye husahaulika kuliko wote sita. Wengi walio mahabusu bado hawajahukumiwa kwa lolote, na ndugu zao huacha kuja baada ya miezi michache. Sabuni, dawa ya meno, karatasi ya kuandikia barua na mtu wa kufuatilia tarehe ya kesi ni vitu ambavyo kikundi chochote cha kanisa kinaweza kuvigawa, kwa kuonana kwanza na ofisi ya gereza kujua siku na masharti ya kutembelea.

Katika simulizi hiyo, walio upande wa kuume wanashangaa. Hawakumbuki ni lini walimlisha Mfalme au kumtembelea. Hilo linampa mwandishi wa daftari onyo dogo: majina ya wanaomdai na aliowakosea ayaandike, lakini ya aliowasaidia hayana haja ya kurasa.

Karatasi ya mwisho

Wachungaji huzika watu, na mara nyingi kaburi likiwa bado bichi ndugu huanza kuvutana. Walimu wa Sheria walikemewa kwa kula nyumba za wajane. Leo nyumba hizo huliwa kwa kikao cha ukoo. Mume aliyekuwa mzee wa kanisa miaka 30 na hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi amemwacha mkewe mikononi mwa shemeji.

Kuandika wosia hakuiti kifo. Nchini Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huwasaidia watu kuandika wosia na huuhifadhi. Nchini Kenya, sheria ya urithi inautaka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wawili au zaidi, na wosia wa mdomo hupoteza nguvu kama aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Popote alipo, mwandishi wa wosia asimfanye shahidi yule anayemwachia mali. Aorodheshe madeni yake yote, anayodai na anayodaiwa. Na kama ana mtoto nje ya ndoa, ukurasa huo ndio mahali pa kusema kweli, kabla mtoto huyo hajajitokeza mwenyewe makaburini akiwa na picha mkononi.

Juma moja la kuanzia

Ignatius wa Loyola, ambaye shirika lake la Wajesuiti liliidhinishwa na Papa mwaka 1540, aliwafundisha wenzake kuipitia siku yao kwa utulivu: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga, kuyatazama matendo ya siku, kuomba msamaha, kuamua litakalofanyika kesho. Dakika kumi zinatosha, taa ikiwa imezimwa na simu ikiwa chumba kingine. Walokole walikuwa na njia ya kwao: mkutano wa kila juma ambapo ndugu waliambiana ukweli, na hata mhubiri mashuhuri aliulizwa jinsi alivyosema na mkewe asubuhi.

Anayeona orodha yote hii ni ndefu anaweza kuanza na juma moja tu. Jumatatu aandike majina. Jumanne apige simu kwa mtu mmoja anayemdai. Jumatano alipe anachoweza, hata kama ni nauli ya konda aliyempita mlangoni mwaka jana. Alhamisi akae na dada wa kazi, wakubaliane tarehe ya mshahara. Ijumaa aende wodini kwa mtu asiye ndugu yake. Jumamosi apande baiskeli, au daladala, hadi kwa yule ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Jumapili afike kanisani na bahasha ya sadaka. Na ikiwa bado kuna jina moja aliloliruka kwa sababu nyumba yake ipo palepale nyuma ya kanisa, bahasha inaweza kusubiri ibada ya pili.